Upande wa Kushoto wa Kiti

Nilipanda gari la moshi Voi alasiri moja ya mwezi wa tatu, daraja la tatu, nikiwa na sanduku la bati na mfuko wa turubai wenye vyombo vyangu vya kazi: sindano zilizopinda, mkasi mkubwa, nyundo ndogo ya misumari ya viti na kipande cha nta. Tikiti ilisema Nairobi. Kichwa changu kilisema Kampala, ingawa Kampala sikuwa na mtu. Nilikuwa nimesoma sekondari miaka miwili nikaacha, nikajifunza kushona viti vya magari, na kila nilipozoea mahali miguu ilianza kuniwasha. Mama hakulia nilipomuaga. Alisema tu, "Wewe watakuzika njiani," akarudi jikoni.

Nairobi nilikaa siku tatu, Nakuru wiki mbili. Hapo nilipata lori lililokuwa likipeleka chumvi Uganda. Dereva alikubali kunibeba kwa sababu springi za kiti chake zilikuwa zimetoboa juu na alikuwa akiendesha ameketi upande mmoja, kama mtu mwenye jipu. Nilimshonea kiti asubuhi, mchana tukaondoka. Timboroa nilikutana na baridi ambayo sikujua kwamba ipo Kenya. Mimi na utingo tulijifunika turubai katikati ya magunia, meno yakigongana, na yeye akanicheka kwamba watu wa nchi kavu tumeumbwa na makaa. Baada ya Eldoret barabara ikaanza kuteremka, joto likarudi kidogo kidogo, na tulipopita Bungoma nilikuwa nimevua kila kitu isipokuwa suruali.

Malaba ekseli ikakatika. Dereva alisema tutalala siku mbili. Zikawa tisa. Katika siku hizo nilishona viti vya malori matatu, na makanika wa pale, mtu wa Tororo mwenye mikono mirefu na maneno mengi, akanipa kona ya banda lake. Lori lilipopona likavuka kwenda Uganda. Mimi nikajiambia nitavuka wiki ijayo.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikaa pale karibu miaka mitatu.

Yule makanika alipenda kunitania kwa sababu ya Kiswahili changu. Madereva walipokuja alikuwa akiwaambia, "Huyu ni redio. Mwambieni asome habari." Nao wakasimama kweli, wakisubiri. Basi siku msichana mmoja alipofika bandani kutoka Busia, amezungusha mkanda wa cherehani uliokatika mkononi kama bangili, alikuwa tayari ameshasikia.

"Wewe ndiye redio?"

"Ndimi, dada."

"Shona huu mkanda kwanza. Habari utasoma baadaye."

Makanika alicheka mpaka akaweka spana chini. Nilishona ule mkanda polepole kuliko mkanda wowote niliowahi kushona. Alikaa juu ya gurudumu kuukuu akanieleza kwamba alikuwa akishona sare za shule pale Busia, nyumbani kwao, na kwamba wateja wake walikuwa wakali kuliko polisi. Alipoondoka, makanika alinitazama akasema, "Bambi, maskini, redio imezimika."

Nilinunua baiskeli. Kila Jumapili niliendesha kutoka Malaba hadi Busia kwa barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha niliibeba baiskeli begani mahali penye tope. Kabla mwaka haujaisha tulikuwa tumekubaliana. Mimi, ambaye sikuwahi kukubaliana na mtu jambo lolote lililozidi mwezi, nilitaka kumwoa na kuondoka naye. Nilikuwa nimepata habari ya kazi Kisumu, karakana nzuri. Kulikuwa na kizuizi kimoja tu, nacho kilikuwa kimeketi ndani ya gari uani kwao.

Baba yake alikuwa karani mkuu mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba. Zamani, Mhindi mwenye kiwanda alipobadilisha gari, mzee alinunua lile la zamani: gari la Kiingereza, jeusi, lenye mabega ya mviringo. Viti vyake vilikuwa vya reksini, ile plastiki inayofanana na ngozi, rangi ya damu ya mzee. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, cha watu wawili bila kutengana. Kwa miaka mingi mzee aliendesha upande wa kulia na mkewe akaketi kushoto, kanisani, sokoni Bumala, kwa ndugu zao Port Victoria. Mama yule hakupenda plastiki. Alisema inachoma na inanata. Kwa hiyo alikunja leso mara mbili akaitandika pale mahali pake, na ile leso haikutoka garini, gari likienda au likisimama.

Alikufa mwaka mmoja kabla sijamfahamu binti yake. Kwao, siku chache baada ya mazishi, nguo za marehemu hutolewa nje zikagawanywa. Dada zake walichukua, wakwe walichukua, mashangazi walichukua, kila mmoja na gauni lake au kitambaa chake, na hilo ni jambo la heshima, si uporaji. Mtu mmoja akakumbuka leso ya garini. Shangazi wa Bumala akaifunga kiunoni akaenda nayo. Ilipofika jioni hapakubaki kitu cha mama ila sufuria, na picha moja ya kina mama wa kanisa ambamo uso wake ulikuwa mdogo kama punje ya maharagwe.

Tangu siku hiyo mzee hakuendesha tena. Lakini kila alasiri alitoka, akafungua mlango wa kulia, akaketi nyuma ya usukani. Aliwasha injini kidogo ili betri isife, akaizima, akabaki pale mpaka mbu walipoanza. Alikuwa mpole. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za Malaba, na mara moja aliniuliza kama ni kweli watu wa kwetu hupika samaki kwa nazi, akatikisa kichwa kwa huruma nilipokubali. Ila upande wa kushoto hapakuketi mtu. Mjukuu mmoja alijaribu kupanda upande ule akatolewa kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika katika boma lile.

"Siwezi kumwacha akiwa hivi," binti aliniambia. "Kaka zangu wako Jinja. Nikienda, nitamwacha na gari bovu. Mtu akikaa kwenye gari bovu kila siku, watu watasema nini? Watasema amechanganyikiwa na binti yake akamkimbia."

"Gari si bovu. Linawaka."

"Umeona viti vyake?"

Nilikuwa nimeviona. Jua la Busia lilikuwa limevila miaka yote. Ile damu ya mzee ilikuwa imebaki rangi ya ufizi wa mtu mgonjwa, na kwenye mishono ilikuwa imepasuka ikaonyesha sufi.

"Tukivirudisha kama vilivyokuwa," alisema, "ataona gari ni jipya. Ataliendesha. Ataenda kanisani, ataenda Port Victoria kula samaki na wenzake. Baba akianza kutoka, hata mimi naweza kutoka."

Nilikubali upesi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na nilikuwa fundi. Nikipewa kitu cha kutengeneza nilidhani nimepewa jibu.

Nafasi ilipatikana mwezi wa nane, mzee alipokwenda Jinja kumwona mjukuu mpya. Angekaa wiki tatu. Nilimwomba makanika ruhusa, nikahamia Busia kwa jirani yao, na vyombo vyangu.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kuruka.

Fundi akitaka kurudisha rangi ya reksini iliyopauka, kwanza hutafuta kipande ambacho jua halikukiona. Mara nyingi huwa chini ya kiti, kwenye mkunjo. Katika gari lile mkunjo wote ulikuwa umeliwa na panya. Lakini rangi yenyewe ilikuwepo, wazi kabisa, juu ya kiti cha mbele upande wa kushoto: mraba uliokolea, wenye pembe nne, mahali leso ilipolala miaka yote ile. Katikati ya kiti kilichopauka ulionekana kama dirisha la nyumba yenye taa.

Na mimi nilijua ule mraba ni nini. Jumapili moja, miezi mingi nyuma, nilikuwa nimefika mapema kuliko kawaida nikasukuma baiskeli uani bila sauti. Mzee alikuwa garini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya mraba ule, kiganja chote, bila kusugua wala kugonga, kama mtu anayesikiliza homa ya mtoto. Alikuwa akiongea. Sikusikia maneno. Nilirudisha baiskeli nje, nikazunguka barabarani nusu saa, nikarudi nikipiga kengele.

Sikumwambia binti. Niliona si yangu kusema. Hicho ndicho nilichojiambia.

Tulifanya kazi siku kumi na moja, mimi na yeye, na sijawahi kuwa na siku kama zile. Asubuhi alichemsha maji, tukasugua viti kwa sabuni ya mche na brashi mpaka povu likaacha kuwa jeusi, halafu nikapangusa kwa spiriti ili mafuta yote yatoke. Niliroweka vipande vya reksini kuukuu ndani ya thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, mpaka vikawa kama uji, nikajaza nyufa. Rangi niliinunua Tororo, nyekundu na nyeusi na kahawia kidogo, nikaichanganya kwenye makopo ya maziwa. Kuipima kulikuwa na njia moja: unaweka tone juu ya ile rangi ya asili, unaliacha likauke, unalitazama kwenye jua la asubuhi. Ukiliona, bado. Tone likipotea, rangi imefika.

Siku ya nne tone lilipotea. Nilimwita aje atafute. Aliinama pale, pua karibu na kiti, akatafuta kwa kidole.

"Umelificha wapi?"

"Lipo hapo hapo."

"Wewe ni mchawi. Nitamwambia baba binti yake anaolewa na mchawi wa pwani."

"Voi si pwani."

"Kwetu chochote kinachopita Nairobi ni pwani."

Nilipulizia rangi kwa bomba la dawa ya mbu, koti, yaani tabaka, jembamba baada ya koti jembamba, ndani ya kivuli kwa sababu jua hufanya malengelenge. Na kabla sijapulizia koti la kwanza, niliufunika ule mraba. Nilikata gazeti kwa kipimo chake, nikaligandisha pembeni kwa uji wa muhogo. Sikufikiri sana, mkono ulifanya wenyewe. Binti alikuwa ndani akishona, hakuona. Koti la pili, la tatu, gazeti likabaki pale, likawa jekundu kama vingine vyote.

Siku ya mwisho nililibandua. Rangi zilifanana, lakini ile mpya ilikuwa na mng'ao na ile ya zamani haikuwa nao, kwa hiyo mraba ulikuwa ungali unaonekana, hafifu, kwa anayejua pa kutazama. Nilisimama nikauangalia. Niliona ni vizuri. Niliona mzee atapata gari lake na atapata na pale pake.

Binti akatoka na chai. Akazunguka gari akishika mdomo kwa furaha. Akafika upande wa kushoto akainama.

"Na hapa? Mbona umeacha doa?"

Kwake lilikuwa doa tu. Tangu utotoni leso ndiyo aliyokuwa akiiona, si kilichokuwa chini yake. Angeelewa kama ningesema sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikawaza kwamba nikisema, atakaa chini alie. Atasema mama yangu bado yumo humu, baba yuko naye humu, siendi popote. Nikaiona Kisumu ikirudi nyuma. Nikasema, "Nilikuwa nasahau."

Nikachukua bomba. Mara tatu, kulia kwenda kushoto. Haikuchukua muda wa chai kupoa.

Mzee alirudi Jumamosi kwa basi, na mfuko wa ndizi wa kutoka kwa mwanawe. Binti alikuwa ameosha gari, amelisukuma na majirani mpaka katikati ya ua. Milango yote ilikuwa wazi. Mimi nilisimama kando nimevaa shati jeupe, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba siku hiyo hiyo, akishafurahi, tutamweleza.

"Baba, tazama! Ingia uone!"

Mzee aliweka ndizi chini. Alitabasamu, lazima niseme hivyo, alitabasamu kweli, akashika paa la gari. Kisha akaenda upande wa kushoto. Aliinama, akaweka kiganja juu ya kiti. Akakisogeza kidogo. Akakisogeza tena. Alitoa miwani mfukoni akaivaa, akazunguka akaingia kupitia upande wake wa kulia, akaketi, akanyoosha mkono kama alivyokuwa akiunyoosha, akatazama ulipoangukia. Binti alikuwa angali anacheka.

"Nani amefanya?"

"Ni fundi, baba. Siku kumi na moja!"

Mzee alinitazama kupitia kioo cha mbele. Hakuwa na hasira. Ningemshukuru Mungu kwa hasira.

"Umefanya kazi nzuri, kijana," alisema. "Mtu hawezi kujua ilianzia wapi."

Akashuka. Akamwambia binti amletee kiti cha ndani, kile cha mbao. Alikiweka nje ya gari, karibu na mlango wa kushoto, akaketi hapo mpaka mbu wakaja. Hatukumweleza chochote.

Hakuingia tena ndani ya gari lile. Kila alasiri alitoa kile kiti cha mbao. Siku ya tatu binti alimpelekea chai, na nadhani hapo ndipo alipomwuliza, au labda hakuuliza, labda aliona tu baba anatazama wapi. Nilikuja jioni hiyo. Alinikuta njiani kabla sijaingia uani.

"Mahali pale palikuwa pa mama."

"Ndiyo."

"Ile leso." Aliweka mkono shavuni. "Wewe ulijua?"

Ningeweza kudanganya mara ya pili. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Nilimwona."

Mwendesha baiskeli mmoja alipita akatusalimia, tukamwitikia wote wawili vizuri kabisa, kama watu wasio na neno.

"Ungesema," alisema. "Mimi ni mjinga, sikuona. Wewe uliona. Ungesema tu, fundi, ningekuambia acha, na bado ningekupenda."

Kesho yake nilifika na spiriti na pamba. Nilidhani nikiondoa makoti ya juu nitaufikia mraba. Lakini kwa sababu niliichanganya ile rangi kwa kuifuata yenyewe, na kwa sababu thina inaingiza mpya ndani ya zamani, hapakuwa na mpaka. Kila nilipofuta nilipata rangi ileile, na chini yake rangi ileile, halafu weupe wa kitambaa. Nilikuwa nimeanza kutoboa. Mzee alisimama nyuma yangu.

"Wacha, kijana."

"Mzee, nikipata ukingo mmoja tu..."

"Wacha. Utalipasua gari la watu." Kisha, kwa upole ule ule: "Hata wewe ulikuwa na haraka. Mimi pia nilimwoa mama yake kwa haraka."

Niliendelea kwenda Jumapili mbili au tatu. Binti alinikaribisha, akanipa chakula, akaongea nami habari za sare na za madereva. Makanika aliniambia wanawake husahau. Huyu hakuwa na la kusahau, alikuwa na baba nje juu ya kiti cha mbao. Kabla ya kazi yangu mzee alikuwa mtu anayeketi kwenye gari lake. Sasa alikuwa mtu anayeketi kando yake, na kila mpita njia aliona. Binti yake angemwacha vipi? Yale niliyotaka kuyafungua nilikuwa nimeyafunga kwa mkono wangu, kwa kazi safi.

Leo umri wangu umepita miaka arobaini. Nimeshona viti Kisumu, Mwanza, Arusha na miji mingine ambayo sikukaa vya kutosha kujua majina ya mitaa yake. Sijaoa. Wateja huniletea magari ya zamani, wanasema nirudishe vilevile kama yalivyotoka kiwandani, na mimi huwauliza kwanza nani alikuwa akiketi wapi. Wananiona wa ajabu. Wengine wanachukua magari yao wakaenda kwa fundi mwingine.

Malaba niliondoka mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, siku ya Alhamisi. Nilimwachia makanika baiskeli. Hakunitania siku hiyo, alinifungia sanduku kwa kamba, akaikaza kwa goti, akasema, kwa neno lao la kumwita mtu bwana, "Ssebo, enda salama." Basi la Kisumu lilipitia Busia, nikashuka pale kuaga, nikijua nitapata lingine mchana.

Alikuwa akishona kola. Aliondoa mguu kwenye cherehani, akanipikia mayai, akayafunga na viazi vitamu kwenye jani la mgomba. Mzee alinipa mkono kutoka pale alipoketi, akauliza kama Kisumu nina mtu. Nikasema sina. Akasema, "Basi uandike barua."

Mgeni kwao husindikizwa. Mtu unayemheshimu unamsindikiza hadi mwisho wa shamba. Mtu unayempenda, unamvusha mto. Alitembea nami, mimi na sanduku begani, yeye amebeba ule mfuko wangu wa turubai kichwani kwa utani, vyombo vikigongana ndani. Tulipita shamba lao la muhogo, tukapita kwa jirani. Kulikuwa na kijito kidogo kabla ya barabara. Alisimama pale, akateremsha mfuko, akanipa.

"Twende," nilisema. "Hata sasa."

Aligeuza kichwa kuelekea nyumbani, kwa sababu kutoka uani baba yake alikuwa akimwita, si kwa shida, akitaka tu kujua miwani imewekwa wapi.

"Naja, baba!" aliitikia. Na kwangu akasema, "Vuka, basi lisikuache."

Nikavuka kijito. Basi lilikuwa tayari likionekana kwa vumbi lake upande wa mpakani. Utingo alitupa sanduku langu juu ya paa, akaniuliza nashuka wapi, nikamwambia nitamwambia mbele.